Nyumba ya bati inapiga baridi kama friji? Ziba upepo, acha hewa (hatua kwa hatua)

Kamwene wadau. Mi ni fundi wa dari na mbao huku Njombe, na kila ikifika mwezi wa tano simu zinaanza, fundi njoo nyumba haikaliki, watoto wanakohoa, bati linadondosha maji alfajiri kama mvua na nje kukavu kabisa. Mtu wa Dar akisikia hivi anaona utani, ila huku juu usiku wa Juni na Julai unashuka chini ya nyuzi 10, kule Kitulo asubuhi unakuta barafu kwenye majani, na nyumba zetu nyingi ni tofali, bati, basi. Hapa naeleza ninavyofanya mwanzo mwisho. Mfano wangu ni chumba cha mita 3 kwa 3.5 wanacholala watu wawili, nimekifanya mwaka huu kwa dada mmoja mpangaji, mwenye nyumba alikubali wakatane kwenye kodi.

Kabla ya nyundo shika hili maana ukilikosa utachoma hela: upepo na hewa ni vitu viwili. Upepo ni ule unaojipenyeza wenyewe, kwenye nyufa, juu ya ukuta, chini ya mlango, na unakuja mwingi siku ile ile usiyoutaka. Hewa ni ile uliyoitolea njia wewe, unajua inaingilia wapi na inatokea wapi. Kazi yote ni kuua upepo bila kuua hewa, na mafundi wengi tunafanya nusu ya kwanza tu halafu tunachukua hela tunaondoka. Hata mimi nimewahi, nitasema mbele.

HATUA YA 1: Tafuta upepo kwa udi
Subiri jioni yenye upepo. Funga mlango na madirisha yote, washa kijiti cha udi, pitisha taratibu kwenye kila kona na kila ungio. Moshi ukipanda wima hapo salama, ukiyumba au ukifyonzwa piga alama ya chaki. Siku ile jirani alichungulia akauliza kama tumeita mganga, tulicheka sana, ila ndani ya dakika 20 ukuta ulikuwa umejaa chaki.

Utakuta alama nyingi ziko sehemu zile zile: pale bati linapokalia ukuta, maana migongo ya bati inaacha matundu mstari mzima, kuzunguka fremu za dirisha ambapo plasta imeachia, chini ya mlango, na kwenye luva kama nyumba ni ya zamani. Luva ndo mbaya kuliko zote, hata ukizifunga vipi vioo havikutani. Angalia na matundu ya waya za umeme, watu wanayasahau.

HATUA YA 2: Dari, na hapa usibane hela
Joto la mwili wenu na la chai mnayokunywa linapanda juu. Likifika juu linakutana na bati ambalo ni jembamba na usiku mbingu ikiwa haina mawingu linapoa mpaka linakuwa la baridi kuliko hewa yenyewe ya nje. Mvuke wa pumzi ukiligusa unageuka maji, ndo lile jasho la bati linalowadondokea kitandani saa kumi na moja alfajiri. Mtu mmoja akilala usiku mzima anatoa kama glasi nzima ya maji kwa pumzi na jasho, sasa mko wawili na mtoto juu. Kwa hiyo mtu anayekwambia bati lako linavuja wakati hakuna mvua mwambie aje alale humo.

Piga fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2 kwa nafasi ya sentimita 60, hakikisha mbao zimekauka na zimepakwa dawa, mbao mbichi ya msindano ikikauka huko juu inapinda na dari yako inafungua mdomo kwenye kila ungio. Jipsamu bodi ni mita 1.2 kwa 2.4, yaani moja inafunika mita za mraba 2.88, chumba chetu ni 10.5 kwa hiyo kwa hesabu ni 4 lakini nunua 5, vipande vya pembeni vitakula. Maungio yote piga tepu na skimu (ule unga laini wa kulainishia kuta), na pale dari inapokutana na ukuta usitegemee ule urembo wa pembeni kuzuia upepo, jaza kwanza kwa skimu au silikoni ndo ubandike urembo. Kifuniko cha kupandia darini kiwekee sponji kwenye kingo.

Kama uko huku kwetu mbao ni rahisi, dari ya mbao ni nzuri pia na inabeba uzito, ila mbao zinaachana kidogo kwa hiyo kabla hujazipiga tandika nailoni nzito kwenye fremu upande wa chumbani, halafu mbao zifuate. Nailoni ikae upande wa joto, yaani chini ya blanketi la dari. Ukiiweka juu yake mvuke utanasa katikati na kila kitu kitaoza kimya kimya.

HATUA YA 3: Blanketi juu ya dari
Dari tupu inasaidia, dari yenye blanketi inasaidia zaidi. Kinachozuia baridi kwenye blanketi lolote ni hewa iliyotulia ndani yake, kwa hiyo usiligandamize, ukilikandamiza umelilipia bure.

Pamba ya kioo ndo chaguo langu, haishiki moto kirahisi, ila bei yake mpaka ifike huku inauma. Vaa glovu, barakoa na mikono mirefu, utajikuna siku tatu. Zile bodi nyeupe kama za kufungia TV zinafanya kazi vizuri lakini zinaungua vibaya na moshi wake ni sumu, usiziache wazi chumbani hata siku moja, zikae juu ya jipsamu.

Huku kwetu watu wanauliza sana kuhusu maranda kwa sababu viwanda vya mbao vinayatupa. Inawezekana, mi nimefanya, ila kwa masharti: yawe yale ya randa yaliyojikunja, makavu, sio unga wa msumeno, changanya na chokaa kupunguza wadudu, weka kwenye dari ya mbao tu maana sentimita 10 za maranda ni kama kilo 10 mpaka 15 kwa kila mita ya mraba na jipsamu itabonyea. Na umeme! Waya zote zipite kwenye bomba, maungio yakae kwenye boksi, na zile taa za kuzama usizifunike kabisa, maranda na taa ya moto ni kiberiti. Kama nyaya za nyumba ni za zamani zimefungwa kwa selotepu, achana na maranda, tafuta hela ya pamba.

Sasa kosa kubwa. Ukishaweka dari, ule uwazi kati ya bati na ukuta ULIO JUU YA DARI usiuzibe. Nimekuta mtu amejaza povu la kunyunyiza kila tundu mpaka juu, kenchi (mbao zinazobeba bati) zikaota kuvu ndani ya mwaka. Juu ya dari upepo upite kama kawaida ukaushe mbao, chini ya dari ndo unaziba. Weka tu wavu wa chuma popo na panya wasihamie.

HATUA YA 4: Ziba alama zako za chaki zilizo chini ya dari
Hii fupi. Ufa mkubwa kuzunguka fremu jaza mchanga na saruji, mdogo piga silikoni. Kingo za dirisha linalofunguka bandika sponji ya gundi. Chini ya mlango pigilia kipande cha tyubu ya gari upande wa ndani kiguse sakafu, bei yake karibu na bure na kinadumu kuliko zile brashi za dukani. Luva kama huwezi kubadilisha, tengeneza fremu nyepesi ya mbao, vuta nailoni nzito angavu, ibane ndani ya dirisha kwa vipini vya kuzungusha, msimu wa baridi ukiisha unaitoa. Ile nafasi kati ya luva na nailoni nayo inakuwa blanketi.

Rudia udi.

HATUA YA 5: Toboa ukuta (ndiyo, baada ya kuziba)
Hapa mteja ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Miaka ya nyuma nilifunga nyumba moja Makambako vizuri mno, joto safi, nikasifiwa, mwezi wa nane nikaitwa: nyuma ya kabati kuvu nyeusi mpaka kwenye nguo, vioo vinatiririka, mtoto kifua kimebana. Mvuke haukuwa na pa kutokea. Nililipia rangi kwa hela yangu.

Toboa matundu mawili ya bomba la plastiki la inchi 4. Moja chini, kama sentimita 30 kutoka sakafuni, mbali na kitanda. La pili juu, sentimita 20 chini ya dari, kwenye ukuta wa upande mwingine. Ukiwa na ukuta mmoja tu wa nje yaweke pembe kwa pembe. Hewa nzito ya baridi inaingia chini, ya moto yenye mvuke inatokea juu, bila umeme bila feni. Bomba lilalie kidogo upande wa nje mvua isirudi ndani, nje piga kofia na wavu wa mbu. Ndani weka kibao cha kusukuma cha kupunguza, halafu gonga msumari mahali pake ili hata mtu akisukuma mpaka mwisho kibaki wazi upana wa kidole. Huo msumari ni wa lazima, kwa sababu usiku wa baridi kali kila mtu anafunga.

Nguo mbichi zisikaukie humo, na kabati lisogee mbali na ukuta kiasi cha kiganja.

HATUA YA 6: Jiko la mkaa linatoka nje, hakuna mjadala
Chumba ulichokiziba na jiko la mkaa haviishi pamoja. Mkaa ukiwaka hata bila moshi unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Nikiwa msaidizi wa fundi tuliwahi kulala saiti, watu wanne na jiko moja, niliamka kwenda haja ndogo miguu haishiki, kichwa kinagonga, nikaanguka mlangoni na ule mlango kufunguka ndo uliotuokoa wote. Yale matundu mawili ya hatua ya 5 HAYATOSHI kwa jiko, usijidanganye. Hata makaa yaliyofunikwa majivu bado yanatoa. Choma nje, pasha maji, jaza chupa ya plastiki ngumu, ifunge kitambaa, iingize kitandani.

Mwenye uwezo wa jiko la chuma lenye bomba la moshi, sawa, ila bomba likipita darini lizungushiwe kola ya bati na mbao zikae mbali nalo, na jiko lipate tundu lake la hewa, la sivyo kwenye chumba kilichozibwa litaanza kuvuta moshi kurudi ndani.

HATUA YA 7: Soma kioo asubuhi
Wiki mbili za mwanzo kila ukiamka angalia kioo cha dirisha. Kikitiririka maji, fungua kibao cha juu zaidi. Kikiwa kikavu na chumba bado baridi, punguza cha chini. Yule dada alianza na kioo kinachotiririka, nikamwambia afungue cha juu nusu, siku ya tatu akanitumia picha kimebaki ukungu kidogo kwenye kona tu. Bati sasa linatoa jasho lake huko huko juu na upepo unalikausha, kitandani halidondoki tena.

Hela ikitosha chumba kimoja, fanya wanacholala watoto, dari kwanza na matundu mawili, mengine utaongeza kadiri unavyopata. Mafundi wawili ni kazi ya siku mbili, ya tatu skimu inakauka.