Kupanga tovuti ya masomo: menyu iwe kazi ya mwisho

Watu wengi wakitaka tovuti ya masomo huja na menyu kichwani tayari: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Masomo, Rasilimali, Mawasiliano. Menyu hiyo ingemfaa hata muuza vipuri vya magari. Mwanafunzi anayehangaika na logarithimu usiku wa kuamkia mtihani haimsaidii kitu. Utaratibu ninaoueleza hapa niliufuata nikimsaidia mwalimu mmoja wa sayansi, ambaye tovuti yake ilikuwa imejaa notsi, video na mitihani ya zamani, vyote vimerundikwa bila mpango. Nachukulia kwamba kikoa (jina la tovuti yako mtandaoni) unacho na kuunda ukurasa unajua.

Hatua ya 1: Orodhesha kila kilichopo

Fungua lahajedwali. Kila ukurasa, video au faili ya PDF ipate mstari wake: kichwa, anwani, somo, ngazi, aina, nani anaihudumia, lini ilihaririwa mara ya mwisho, na uamuzi wako (ibaki, iunganishwe, ifutwe). Programu za kuchorea ramani za tovuti ziache kwanza. Zinapendeza, ila huwezi kuziambia zikupangie mistari yote kwa tarehe uone kilichochakaa.

Hatua ya 2: Andika maswali ya wanaokuja

Yaandike kama mtu anavyouliza. "Nimekosa kipindi, nianzie wapi?" "Majibu ya mtihani ule yako wapi?" "Mwanangu anasoma nini muhula huu?" Kama tovuti ipo tayari na ina kisanduku cha kutafutia, angalia maneno ambayo watu waliyaandika wakaambulia patupu.

Hatua ya 3: Wape wanafunzi kadi

Chagua vitu kati ya 30 na 60 kutoka kwenye orodha yako, kila kimoja kiandike kwenye kadi, kisha mwombe mwanafunzi azipange kwa mafungu yanayomwingia akilini na kila fungu alipe jina. Mmoja mmoja, wala si kikundi, maana kwenye kikundi mwenye sauti kubwa ndiye hupanga. Jakob Nielsen, mtafiti wa urahisi wa kutumia tovuti, alipendekeza mwaka 2004 watu wapatao 15 kwa zoezi hili. Ukipata wachache zaidi bado utajifunza mengi, mradi usiwachukue walimu wenzako. Mwalimu hupanga kama muhtasari wa somo ulivyo, ilhali mwanafunzi mara nyingi hupanga kwa kuangalia anachotaka kukifanya.

Angalia maneno ya kadi zenyewe. Kadi tano zikianza na "Zoezi la", zitawekwa pamoja kwa sababu ya neno hilo tu. Andika "Kutafuta mteremko wa grafu", inatosha.

Zipo programu za kufanyia zoezi hili mtandaoni. Mimi napenda karatasi, kwa kuwa naona mkono unaposita kati ya mafungu mawili, na nauliza palepale kwa nini. Kadi zinazosita ziwekee alama, utazihitaji hatua ya 5.

Hatua ya 4: Kila ngazi, kigezo kimoja

Richard Saul Wurman, msanifu majengo aliyeandika kuhusu kupanga habari, alisema habari yoyote hupangika kwa njia tano: mahali, alfabeti, wakati, aina, au daraja. Kwenye tovuti ya masomo utatumia wakati (wiki, muhula), aina (somo, mada) na daraja (ngazi ya mwanafunzi). Balaa huanza ukivichanganya kwenye safu moja: Hisabati, Kemia, Video, Wanaoanza, Mitihani. Mwenye shida ya video ya kemia aingie mlango upi?

Kozi ya darasa maalumu inayofuata kalenda, panga kwa wiki. Tovuti iliyo wazi kwa yeyote, panga kwa somo, halafu mada.

Kuna kanuni mbili utakazoambiwa, na zote mbili zipuuze. Ya kwanza ni kwamba mtu hukata tamaa baada ya kubofya mara tatu. Joshua Porter, mtafiti wa matumizi ya tovuti, aliijaribu mwaka 2003 na hakuona watu wakiondoka kwa sababu hiyo. La muhimu ni kila mbofyo umwonyeshe kwamba anakaribia. Ya pili ni ya vitu saba kwenye menyu, inayotajwa kwa jina la mwanasaikolojia George Miller. Makala yake ya mwaka 1956 ilihusu kumbukumbu ya muda mfupi, na menyu iko mbele ya macho, hakuna anayeikariri.

Hatua ya 5: Somo lenye wenyewe wawili

Hapa ndipo zile kadi zilizosita hurudi, na ndipo saa nyingi huteketea, kwa hiyo nenda polepole.

Logarithimu ni mada ya hisabati. Lakini mwanafunzi wa kemia hawezi kuelewa pH (kipimo cha uasidi) bila logarithimu, na wa fizikia atakutana nazo kwenye desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukurasa ukae wapi?

Kwanza, usinakili. Nakala mbili huanza zikifanana, kisha unasahihisha kosa kwenye moja na la pili linabaki vilevile, na anayeangukia hiyo ya pili hana habari. Ukurasa uwe na mahali pamoja pa kukaa, kwenye hisabati, halafu kemia na fizikia ziwe na viungo vya kuuendea. Kila kiungo kieleze kwa maneno machache kwa nini mtu anapelekwa huko: "Kumbusho la logarithimu kabla ya pH".

Pili, anwani. Usiandike /hisabati/ngazi-2/muhula-1/wiki-4/logarithimu/. Andika /masomo/logarithimu/. Muhtasari ukibadilika, mada itahamia wiki ya 7, na anwani ile ndefu ama itadanganya ama itavunjika, wakati wanafunzi wameshainakili kwenye madaftari na wazazi wameshatumiana kwenye simu. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti (World Wide Web), alilisisitiza hili mwaka 1998: anwani njema haibadiliki, na katika vitu alivyoshauri visiwekwe ndani yake, uainishaji wa mada umo. Muundo wa tovuti utabadilika, ndiyo maana anwani isiubebe.

WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ina mtego wake hapa. Ukiweka ukurasa chini ya ukurasa mzazi, anwani hujitengeneza kutokana na mzazi huyo, na ukiuhamisha, anwani nayo inahama. Basi acha kurasa za masomo bila mzazi, au tumia aina maalumu ya maandishi (custom post type) yenye anwani unayoipangia mwenyewe. Herufi ziwe ndogo zote, kwani kwenye seva nyingi "Logarithimu" na "logarithimu" ni vitu viwili tofauti.

Tatu, ule mstari wa njia unaokaa juu ya ukurasa: Mwanzo › Hisabati › Aljebra › Logarithimu. Uonyeshe mahali ukurasa unapokaa, hata kwa aliyetokea kemia. Wapo wanaotaka ubadilike kufuatana na alikopita mtu. Sikubaliani nao, kwa sababu aliyeletwa na injini ya kutafutia hakupita popote, na wanafunzi wawili waliofungua ukurasa mmoja wanapaswa kuona kitu kimoja.

Nne, na hili ndilo lililotutesa zaidi: kitufe cha "Somo linalofuata". Mwanafunzi wa kemia amesoma logarithimu, amebofya, ghafla yuko kwenye mifuatano ya hisabati. pH hataiona tena. Kosa liko kwenye kuutia mfuatano ndani ya ukurasa wa somo, wakati mfuatano ni mali ya kozi. Tengeneza ukurasa wa kozi ya kemia wenye orodha ya masomo kwa zamu yake, logarithimu ikiwemo. Kisha una njia mbili. Mwenye kujua kuandika msimbo anaweza kubeba jina la kozi kwenye anwani, mfano ?kozi=kemia, ili kitufe kijue kiende wapi. Hapo ni lazima uweke kiungo cha rel="canonical" kinachoelekeza kwenye anwani tupu, vinginevyo injini za kutafutia zitadhani una kurasa tatu zinazofanana, na ni lazima pia uamue kitufe kifanye nini kwa aliyekuja bila kozi. Njia ya pili haihitaji msimbo: mwishoni mwa somo andika "Unaendelea na kemia? Nenda kwenye pH. Unaendelea na hisabati? Nenda kwenye mifuatano." Mimi huchagua hii. Haiharibiki.

Tano, anwani za zamani. Kila moja ielekezwe kwa uelekezaji wa kudumu, ule wa nambari 301, hadi ukurasa wake mpya hasa. Kuzitupa zote kwenye ukurasa wa mwanzo ni kumfukuza mtu kwa heshima. Safu ya anwani kwenye lahajedwali yako sasa inalipa.

Hatua ya 6: Jaribu mti mtupu

Mti ni mpangilio wako wa ngazi, kuanzia somo hadi mada. Andika majina ya ngazi zote bila rangi wala picha, umwombe mtu atafute kitu. Swali lisitaje neno lililo kwenye jina. Ukimwambia "tafuta usanisinuru" na jina ni "Usanisinuru", umepima macho tu. Mwulize mmea unapata wapi chakula chake.

Hatua ya 7: Sasa menyu

Menyu iwe na masomo ya ngazi ya kwanza ya mti huo, na kisanduku cha kutafutia kinachoonekana. "Kuhusu Sisi" ishuke chini kabisa ya ukurasa. "Rasilimali" na "Mengineyo" yasiwepo.

Usitumie menyu zinazofunguka kwa kupitisha kipanya juu yake, kwani skrini ya kugusa haina kipanya. Alama ya mistari mitatu iandikiwe neno "Menyu" pembeni. Mbunifu Norm Cox aliichora kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, iliyotoka mwaka 1981, na hadi leo wapo wasioitambua. Miongozo ya WCAG 2.2 ya mwaka 2023, ya kuwezesha tovuti kutumiwa na wenye ulemavu, inataka sehemu za kugusa zisipungue pikseli 24 kwa 24, nami huongeza zaidi. Mpangilio wa menyu uwe uleule kila ukurasa, weka kiungo cha kuiruka menyu hadi kwenye maudhui kwa wanaotumia kibodi, na ukurasa uliopo upewe aria-current="page" ili kisoma-skrini kimtajie mtu alipo.

Tovuti ikishafunguliwa, rudia kuangalia maneno yaliyotafutwa bila majibu, na ile safu ya nani anahudumia nini. Ukurasa uliokosa mhudumu na uliochakaa uunganishe na ulio karibu nao, kisha anwani yake uielekeze huko.