Namna ya Kuanzisha Jumuiya ya Wamiliki wa Nyumba Mtaani

Katika maeneo ya makazi yanayoendelea kupanuka jijini Mbeya, kama vile Isyesye na Iwambi, na vilevile katika miinuko ya Manispaa ya Iringa, mara nyingi watu huhamia kwenye nyumba zao kabla mitaro haijachimbwa. Mvua zinapoanza mwezi Novemba, maji ya kiwanja cha juu huishia uani kwa jirani wa chini, na ukuta wa mtu mmoja huyahamishia tu kwa mwingine. Tatizo la namna hiyo ndilo linaloipa jumuiya ya wamiliki wa nyumba sababu ya kuwapo.

Kabla ya kuitisha kikao, waanzilishi wamwone mwenyekiti wa mtaa pamoja na mtendaji wa mtaa, wawaeleze kusudi lao. Jumuiya ni chama cha hiari: haitungi sheria ndogo wala haitoi kibali cha ujenzi, kwa kuwa hayo ni mamlaka ya halmashauri. Jumuiya inayojifanya serikali ya pili hugombana na ofisi ya mtaa mapema, nayo huwa na mengi ya kupoteza katika ugomvi huo.

Kazi ya kwanza iwe moja, tena inayoonekana kwa macho. Kama ni mtaro, wanajumuiya wapite njia yote ya maji kutoka juu hadi bondeni wakati mvua inanyesha, waandike kila kalavati lililoziba na kila lango ambalo mwenyewe alilijengea kivuko cha zege bila kuacha tundu la maji. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanzishwa mwaka 2017. Kwa hiyo haifai kuchimba kando ya barabara bila ridhaa yao. Barua moja iliyosainiwa na wamiliki wa mtaa mzima, ikapitia ofisi ya mtaa na kata, ina uzito kuliko malalamiko ya mtu mmoja mmoja.

Kazi hiyo ikishawaunganisha watu, ndipo iandikwe katiba. Usajili hufanywa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa mujibu wa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Faida yake ni kwamba jumuiya hufungua akaunti ya benki na kuingia mkataba na walinzi kwa jina lake yenyewe. Katiba itaje mipaka ya eneo na, jambo linalosahaulika zaidi, itamke mwanachama ni nani: je, ni mwenye hati peke yake, au hata mrithi ambaye bado hajabadilisha jina? Vipi kuhusu mwenye nyumba anayeishi Dar es Salaam na kumwachia mpangaji? Kwa maoni yangu, mpangaji aruhusiwe kuhudhuria na kusema, kwa sababu yeye ndiye anayelala hapo, lakini ada ya mwaka idaiwe kwa mwenye nyumba.

Kuhusu fedha, michango isikae katika simu ya mweka hazina, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Wawekwe watia saini watatu, hundi ikihitaji saini za wawili, na mapato na matumizi yasomwe katika kila mkutano.

Ulinzi na uzoaji wa taka hupangwa kwa urahisi zaidi baada ya hapo. Migogoro ya mipaka ya viwanja, kwa upande mwingine, jumuiya iishie kwenye usuluhishi tu. Bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, ikiwa imepotea, aitwe mpima ardhi, kamati isije ikakisia kwa kamba.

Mkutano mkuu wa mwaka ufanyike Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, ili usafi wa mitaro ukamilike kabla ya mvua za kwanza.