Mtoto anaenda kujaji ng'ombe mara ya kwanza? Mfundishe kuangalia kwanza

Msimu wa maonyesho ya kilimo ya ASK hapa Kenya ukikaribia, mapatroni wa vilabu vya Young Farmers vya shule huniuliza wamfundishe nini mtoto ambaye hajawahi kushindana kujaji ng'ombe, na jibu langu siku hizi ni moja tu, sababu. Kupanga ng'ombe wanne kwa ubora, wa kwanza mpaka wa nne, mtu anaweza kubahatisha akapata, lakini kueleza kwa nini umewapanga hivyo hakuna kubahatisha.

Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Kundi langu la kwanza niliwakaririsha majina ya sehemu zote za ng'ombe wakawa wanayaimba kama shairi, halafu siku yenyewe kijana wa darasa la sita akampa namba moja ng'ombe aliyeoshwa akang'aa, na kiwele kimelegea kinakaribia vifundo vya miguu ya nyuma, hakukiona kabisa. Sikuwa nimewahi kumpeleka mahali asimame tu aangalie.

Kwa hiyo tafuta ng'ombe wanne wa maziwa, aina moja na umri uliokaribiana, hata kama ni wa jirani, wape namba 1 mpaka 4. Watoto waanze kwa mbali, kama hatua kumi hivi, wamwone ng'ombe mzima kwa ubavuni, kwa nyuma, kwa mbele, kisha atembezwe waone miguu. Mtoto asikaribie ng'ombe kwa nyuma. Na gambuti zioshwe kwa dawa mkitoka boma moja kwenda lingine, ugonjwa wa miguu na midomo unabebwa na viatu.

Muda mwingi mpe kiwele. Kadi ya maksi ya ng'ombe wa maziwa kule Marekani inakipa 40 kati ya 100, miguu ya nyuma inapata 20. Mwambie mtoto achuchumae kwa mbali aangalie: kwa mbele kimeshikana na tumbo vizuri ama kuna shimo? Kwa nyuma kimepanda juu, ni kipana? Chuchu zinaangalia chini, urefu sawa?

Sasa aongee. "Huyu ni mzuri" usikubali hata siku moja, mrudishe mpaka alinganishe: "Namba 3 namweka mbele ya namba 1 kwa sababu kiwele chake kimeshika juu zaidi na chuchu zimepangika, ila nakubali namba 1 amemshinda miguu." Hako kasentensi ka kukubali ndiko kananifurahisha sana, mtoto akifika hapo jua ameona ng'ombe wote wawili. Dakika mbili zinatosha, bila kusoma karatasi.

Na wazazi tafadhali msimnong'oneze, mwacheni akosee. Kwenye mashindano ya 4-H, vilabu vya vijana kule Marekani, kila kundi la ng'ombe wanne lina maksi 50, ukigeuza wawili waliokaribiana unakatwa kidogo, ukimpeleka wa kwanza mwisho ndio unaumia. Matokeo yakitoka msikimbilie gari, jaji akieleza alivyopanga mtoto awe karibu asikie, halafu wiki hiyo hiyo mrudishe kwa wale ng'ombe wanne wa jirani awapange upya.