Mjusi mpole anayekumbuka kwao: kumtengeneza na kumwendesha kikaragosi wa Tendaguru

Ukitafuta mhusika mpole wa katuni ya safari, ile ya kikaragosi anayesogezwa na kupigwa picha moja moja, mwenye hamu ya kurudi kwao, watu wa Lindi hamna haja ya kwenda mbali. Mjusi wa Tendaguru, dinosaria wa shingo ndefu wa kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, alifukuliwa kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Leo amesimama ndani ya jumba la makumbusho Berlin, kimo chake mita 13.27. Jambo moja wengi hulipita: yule aliyesimama pale ameunganishwa kwa mifupa ya mijusi zaidi ya mmoja, na penye pengo pakazibwa. Liweke akilini, litakufaa kwenye mwendo.

Gawanya vipimo kwa 40. Kimo kinakuwa sentimita 33, saizi inayoshikika mezani. Binadamu kwa kipimo hicho ana sentimita nne tu na haendesheki, kwa hiyo watu waonekane kama vivuli au wasikike sauti. Akihitaji mwenzake wa safari, mpe Kentrosaurus, mwenye miiba mgongoni, aliyefukuliwa hapohapo.

Mifupa ya kikaragosi ni waya wa umeme wa shaba, wa 2.5 (milimita za mraba), wenye uzi mmoja mnene. Wa nyuzi nyingi nyembamba hausimami, na wa kufungia nondo hurudi nyuma ukiuachia. Menya plastiki. Kiwiliwili ni kipande cha mbao nyepesi, sentimita 8 kwa 4, kilichotobolewa matundu sita: miguu minne, shingo, mkia. Miguu ipe nyuzi tatu zilizosokotwa, shingo tatu, mkia mbili. Miguu ya mbele iwe mirefu kuliko ya nyuma. Ukiisawazisha umepata ng'ombe mwenye shingo. Miguu na mkia gandisha kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili na uache usiku mzima. Shaba hukakamaa kila inapokunjwa, kisha hukatika palepale, na shingo ndiyo hutangulia. Tengeneza shingo mbili tangu mwanzo, zenye ncha ya kuchomeka, usije ukampasua mnyama mzima katikati ya kazi.

Kichwa kisiwe cha mpingo, hata kama fundi wa vinyago ni jirani yako. Mpingo ni mzito, na kichwa kizito kwenye shingo ndefu hushuka taratibu kati ya picha na picha, wewe huoni mpaka uchezeshe mkanda. Barakoa za mapiko, ngoma ya Wamakonde, huchongwa kwa mti mwepesi kwa sababu mchezaji huzibeba kichwani. Fuata akili hiyohiyo. Macho ni shanga nyeusi za milimita 4 zilizokaa kwenye mashimo bila gundi, utazigeuza kwa ncha ya pini.

Nyama ni sponji ya godoro iliyokatwa kwa mkasi. Ngozi ni fulana kuukuu ya pamba iliyochemshwa na majani mengi ya chai, mshono upite tumboni. Rangi ya mafuta usiiguse: hukauka, na penye kukunja hupasuka.

Kwenye kila wayo zamisha nati, utoboe meza, umfunge kwa skrubu kutokea chini. Asipofungwa atateleza, na mnyama wa tani nyingi anayeteleza anaonekana wa karatasi.

Sasa mwendo. Piga picha 12 kwa kila sekunde ya filamu, ukimsogeza kidogo kati ya picha na picha. Unyanyue mguu mmoja tu kwa wakati: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Hatua moja ichukue picha 24, yaani sekunde mbili, na kabla mguu haujanyanyuka mwili uegemee upande wa pili kwa picha tatu au nne. Bila egemeo hilo uzito haupo. Wanaoanza huona sekunde mbili ni nyingi wakazipunguza hadi moja, na upole wote unapotea hapo.

Hamu ya kwao haionyeshwi kwa machozi. Machozi ya kikaragosi ni gundi inayong'aa, na mtazamaji anajua. Tumia mpangilio huu: macho yageuke kwanza, picha mbili, kichwa kifuate, picha nane, shingo imalizie, picha kumi na mbili, mkia uchelewe nyuma ya vyote. Ageukie upande uleule kila mara, mlangoni au dirishani, hata anapozungumzishwa kutoka upande mwingine. Rudia mara tatu katika filamu nzima, zaidi ya hapo ni deko. Na hapa ndipo ile mifupa ya wengi inapofaa: mguu mmoja uchelewe kidogo kuliko wenzake, kama unaokumbuka mtu mwingine.

Kupepesa macho kwa kawaida ni picha tatu: nusu, kufumba, nusu. Huyu mpe tano.

Funga madirisha yote. Wingu likipita, picha zinazofuatana zitamemeteka. Tumia taa mbili za kuchaji, umeme ukikatika usipoteze pozi, na funga mwanga na fokasi ya simu zisijirekebishe zenyewe. Sauti yake ivumishe ndani ya mtungi mtupu, mdomo karibu na ukingo, usiku friji ikiwa imezimwa.

Udongo wa tukio la kufika nyumbani uuchekeche kwa chekecheo la unga, kwani punje ya milimita moja kwa kipimo hiki ni jiwe la sentimita nne. Udongo mkavu husogea kila mkono unapopita na kwenye mkanda utaonekana unachemka. Nyunyizia gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha gundi kwa vinne vya maji. Acha bila gundi kiduara cha sentimita tatu tu, pale atakapoinamisha pua; hapo punje zisogee.