Bunduki Begani, Mgomvi Getini: Mwongozo kwa Mlinzi wa Ghala la Korosho

Msimu wa korosho unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Oktoba, maghala ya Mtwara, Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea na Ruangwa huanza kujaa magunia, na kwenye mageti yake huonekana walinzi wa kampuni binafsi wenye shotigani begani. Raia wa kawaida wa Tanzania hatembei na bunduki hadharani, hivyo mlinzi huyu ni mmoja wa watu wachache wasio askari ambao mgeni hukutana nao wakiwa na silaha inayoonekana wazi. Mwongozo huu unamhusu yeye, na hasa zile dakika chache ambapo mtu asiyemfahamu anamjia kwa hasira, anamtukana, anamsogelea au anataka kupita kwa nguvu.

Jambo la kulielewa kabla ya mengine yote, ambalo kwa maoni yangu halipewi uzito wake katika mafunzo yenye gwaride nyingi na maneno machache, ni kwamba ugomvi wowote unaouingia ukiwa lindoni tayari una silaha ndani yake, na silaha hiyo ni yako. Aliyekuja mikono mitupu hana bunduki mpaka wewe umruhusu akaribie kiasi cha kuishika uliyonayo. Ndiyo maana mlinzi wa bunduki analazimika kumeza matusi ambayo mwenzake wa rungu angeweza kuyajibu, na nafasi yake ya kubishana ni finyu kuliko ya mtu mwingine yeyote aliyesimama pale getini. Asiyeweza kuondoka kwenye mabishano akiwa ameshindwa, huku watu wakimcheka, aombe lindo lisilo na silaha. Hakuna aibu katika ombi hilo na msimamizi mwenye busara atalikubali.

Sheria inasema nini

Umiliki na ubebaji wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, lakini siku ya tatizo sheria itakayokuangukia kwa uzito zaidi ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Vifungu vya 18 hadi 18C vinatambua haki ya mtu kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, na papo hapo vinaiwekea haki hiyo mpaka: nguvu inayotumika iwe ya kadiri inayohitajika kwa ajili ya kujikinga, si zaidi. Tusi si shambulio. Mtu kupigapiga bati la geti kwa kiganja si sababu ya kumwelekezea mtutu. Kifungu cha 89 kinamgusa mtu anayetishia kumpiga mwenzake risasi na pia anayefyatua silaha kwa nia ya kuwatia watu hofu, na iwapo mtu atakufa, mjadala utakuwa kati ya kuua bila kukusudia, ambako adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, na kuua kwa kukusudia, ambako adhabu yake ni kifo. Sare ya kampuni haikuongezei haki yoyote mbele ya vifungu hivi.

Nani anakuja na hasira, na kwa nini

Mlinzi anayefahamu mwendo wa korosho atasoma hasira za watu vizuri kuliko yule anayefahamu bunduki peke yake. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, yaani AMCOS, zinapimwa na kupangwa madaraja, zinasafirishwa hadi ghala kuu, zinauzwa mnadani, kisha malipo huingia benki baadaye. Kati ya siku aliyokabidhi mzigo na siku anayoona fedha kuna watu wengi ambao hawaoni: karani, meneja wa ghala, viongozi wa chama kikuu, mnunuzi, benki. Anayemwona ni wewe, kwa kuwa umesimama nje na umevaa sare. Wanaoishi kusini wanakumbuka Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuliingiza Jeshi la Wananchi katika usombaji na ulinzi, na wakulima wengi wakasubiri uhakiki kabla ya kulipwa. Mtu aliyepita katika kungoja kwa namna hiyo hawezi kuiona bunduki kwenye ghala kama pambo, na ni haki yake.

Mbali na mkulima huyo yupo dereva wa lori au utingo wake, aliyelala kwenye foleni ya kushusha mzigo hadi uvumilivu ukamwishia. Yupo pia aliyekunywa. Msimu wa korosho ndio msimu wa mabibo, yaani matunda ya mkorosho, na mabibo huleta uraka, pombe ya kuchachusha, na uraka ukipikwa huleta nipa, pombe kali. Jioni ya siku ya malipo utawaona wanywaji wa vyote viwili barabarani. Watu wa aina hizi tatu hutofautiana sana na mwizi, kwa sababu mwizi hujitahidi asionekane, ilhali hawa wanataka waonekane na wasikike. Anayepiga kelele getini mchana kweupe karibu kila mara anatafuta mtu wa kumsikiliza, ingawa lugha anayotumia haifanani na ombi.

Usimamaji na ubebaji

Maandalizi hufanywa kabla mgomvi hajatokea. Bunduki ikae kwenye mkanda wake, mtutu ukielekea ardhini, kidole kikiwa nje kabisa ya kifyatulio, na isikokiwe kwa mazoea tu ya kutaka mlio wake usikike. Mlio wa kukoki hauwatulizi watu kama baadhi ya walinzi wanavyoamini: aliyelewa huuchukulia kuwa changamoto, na aliye timamu huanza kuwaza namna ya kukuwahi. Usimame nyuma ya kizuizi, iwe boriti ya geti, kamba au hata benchi, ili baina yako na anayekuja zibaki hatua nne au tano. Pasipo na kizuizi, kitengeneze mapema kwa kumwomba meneja wa ghala kamba na vigingi viwili; ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na kinachoweza kutokea.

Mtu anapokujia kwa kasi, geuza mwili kidogo ili bega lisilo na bunduki liwe upande wake, na mkono wa upande huo uuinue usawa wa kifua, kiganja kikiwa wazi. Mkono huo unasema "simama hapo" bila ukali, na unabaki tayari kumzuia asifikie silaha. Akiendelea kusogea, wewe rudi nyuma. Walinzi wengi huona kurudi nyuma kuwa ni woga, lakini kila hatua unayorudi hukuongezea muda, na mashahidi waliosimama pembeni wanaona wazi nani anamfuata nani. Usiku, mulika tochi usawa wa mikono yake na si machoni, kwa kuwa mikono ndiyo inayokueleza hatari, na kummulika mtu usoni ni njia ya haraka ya kuzidisha hasira.

Maneno

Tuchukue mfano. Mzee amekuja na baiskeli yenye gunia, korosho zake zimekataliwa kwa madai kwamba bado zina unyevu, naye ametoka ndani akitetemeka kwa hasira na sasa anarudi moja kwa moja getini huku akisema wewe na wenzako ni wezi. Mlinzi anaanza kwa salamu: "Shikamoo mzee." Huenda mzee asiitikie, na salamu isipoitikiwa haidaiwi. Kisha anasema kwa sauti ya chini kuliko ya mzee: "Mzee wangu, kipimo cha unyevu mimi sikishiki, na jibu ulilopewa siwezi kulibadilisha. Ninaloweza ni kumwita karani aje akueleze mwenyewe. Naomba usogee pale kwenye kivuli, namwita sasa hivi." Kisha anamwita kweli, kwa redio ya upepo au kwa simu, mzee akiwa anasikia.

Katika maneno hayo mlinzi hajakiri kosa, hajamkanusha mzee, na hajasema "hapa hairuhusiwi," kauli inayowasha moto kuliko tusi. Amemtajia kinachowezekana na amempa mahali pa kusimama palipo mbali na bunduki. Mzee anaposogea kwenye kivuli kwa hiari yake, umbali umeongezeka bila mtu kusukumwa wala kuaibishwa mbele ya watu. Kijana mwambie "ndugu yangu" au "kaka," mama mwite "mama," na umri ukikutatanisha pandisha heshima badala ya kuishusha. Usimuulize mgomvi "unajua mimi ni nani?" wala usimwambie "utaona," kwa sababu maneno hayo, yakitoka kwa mtu mwenye silaha, yatasomwa mahakamani kuwa ni tishio.

Neno kuhusu utani. Watu wa kusini, Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera na wengineo, wana utani baina yao unaoweza kuzima ugomvi kwa sentensi moja, na nimesikia walinzi wakijisifu kwamba wanautumia getini. Mchana, kwa mtu mnayefahamiana, pengine. Kwa mgeni mwenye hasira, mbele ya mtu mwenye bunduki, utani husikika kama dharau, na ni heri ukauacha mpaka utoke lindoni.

Anayerekodi kwa simu mwache arekodi. Kumnyang'anya simu ni kosa jingine, tena kunakulazimisha kuachia mkono mmoja na kuingia ndani ya ule umbali ulioupigania muda wote.

Akiishika bunduki

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko matusi yote, na ndipo panapostahili mazoezi ya mara kwa mara kwa silaha isiyo na risasi, chini ya mkufunzi. Mtu akiushika mtutu, kosa la kawaida ni kuvutana naye mkiwa mmekabiliana, mtutu ukipita vifuani mwa watu na kidole kikitafuta mahali pa kushika. Ubane mwili wa bunduki ubavuni kwa kiwiko, uelekeze mtutu ardhini, kidole kibaki nje, kisha zungusha kiuno na uzito wako wote kwa pamoja ili mshiko wake ukatike, huku ukipiga kelele kwa sauti ya juu kabisa: "Achia silaha! Achia silaha!" Kelele hizo zinamwita mwenzako na zinawafanya waliopo wawe mashahidi wa kilichotokea. Mkono ukiachia, rudi nyuma upate umbali, usimfuate kulipiza. Iwapo hakuachia na ni dhahiri anataka kuichukua ili aitumie, hapo umefika kwenye hali ambayo vifungu vya kujilinda viliwekwa kwa ajili yake, na kipimo kinabaki kile kile cha nguvu inayohitajika kukomesha hatari.

Kupiga risasi hewani hakupendekezwi. Kilichopanda kitashuka, na kuzunguka maghala mengi kuna mabanda ya mama lishe, wapakizi na watoto. Aidha mlio wa risasi katikati ya kundi huwafanya walio nyuma, ambao hawakuona kitu, waamini kwamba mtu ameuawa. Kundi likikusanyika na kuzidi uwezo wenu, fungeni geti, ingieni ndani, pigeni polisi kwa namba 112 na mwacheni meneja azungumze akiwa ndani ya uzio. Magunia yaliyo nje yanaweza kufidiwa.

Njiani kwenda na kutoka lindoni shauri ni fupi: silaha isafirishwe kwa gari la kampuni, na ikibidi kutembea nayo, usisimame kujibizana na bodaboda wala na mtu aliyeketi kijiweni.

Baada ya tukio

Andika kwenye kitabu cha matukio kabla zamu haijaisha, hata kama hakuna aliyeguswa: saa, mahali uliposimama, maneno yaliyosemwa kadiri unavyoyakumbuka, nani alikuwepo, na hali ya silaha. Risasi hukabidhiwa kwa hesabu, hivyo zihesabu mbele ya msimamizi na atie saini. Palipokuwa na kushikana au kutishiwa, nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, siku hiyo hiyo, na kama kuna aliyeumia, awe wewe au yeye, ipatikane PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ili apate matibabu. Anayetangulia kutoa taarifa hupata nafasi ya kueleza mwanzo wa jambo. Anayengoja huitwa kujibu maelezo ya mwingine.

Katika kitabu usiandike kwamba mtu fulani ni "mkorofi." Andika alichofanya: alipiga geti mara mbili, alimtukana mlinzi, aliondoka baada ya kuzungumza na karani. Zamu inayofuata itasoma kumbukumbu hiyo, na mtu huyo atarudi, pengine kesho yake, akiwa na korosho zilizokauka na madai halali, akitarajia boriti iinuliwe kama inavyoinuliwa kwa wengine.