Namna ya Kubadili Jambo Moja kwa Kuanza na Ukweli

Mabadiliko mengi hukwama kwa sababu mtu hutoa azimio kabla ya kukagua hali yake. Huapa kwamba atasoma zaidi au ataacha kuwafokea watoto, ilhali hajui kwa hakika muda wake unakwenda wapi wala hasira yake huanzia wapi.

Kwa hiyo, chagua kwanza dai moja unalolirudia kujihusu, kwa mfano kwamba huna muda, kisha ulipime kwa ushahidi. Kwa wiki nzima, andika kila jioni namna saa zako zilivyotumika, bila kujipamba wala kujihukumu, kwa kuwa anayejihukumu mapema huanza kuficha mambo hata katika daftari lake mwenyewe. Mwanasaikolojia Mmarekani Leon Festinger alieleza mwaka 1957 kwamba binadamu husumbuka mwenendo wake unapopingana na imani yake, na kwamba anaweza kujituliza kwa kutafuta visingizio badala ya kubadili mwenendo huo. Utarajie usumbufu huo. Ukijikuta unaandika maelezo marefu juu ya jambo fupi, hapo ndipo pa kuchunguza.

Ushahidi ukishapatikana, tenganisha yaliyo mikononi mwako na yasiyokuwamo. Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa utumwani kisha akaja kufundisha Ugiriki, aliujenga uhuru juu ya msingi huo: hukumu na matamanio ni yetu, lakini mwili, mali na sifa hatuvitawali kikamilifu. Mafundisho hayo yana hatari yake, maana mtu anayeishi na mdhalimu hapaswi kuambiwa kwamba kifungo chake kimo kichwani tu. Ikiwa saa zako zimemezwa na kazi usiyoweza kuikataa, au na mgonjwa unayemuuguza, liandike hilo kama lilivyo, kisha utafute wa kukupokea badala ya kujilaumu. Ikiwa zimemezwa na simu, ukweli huo unachoma zaidi, ila angalau huhitaji ruhusa ya mtu yeyote ili uurekebishe.

Sasa chagua tendo moja dogo na ulifunge kwenye tukio mahususi, kwa mfano: "Nikimaliza kuosha vyombo vya jioni, nitasoma kurasa tano." Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia ya namna hiyo hutimizwa zaidi kuliko nia ya jumla.

Usijiwekee muda mfupi wa kuzoea. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London ulikadiria kwamba tendo jipya huchukua takriban siku 66 kuwa mazoea, ingawa kwa baadhi ya watu zilikuwa 18 na kwa wengine 254. Ulionyesha pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Siku utakayoruka, andika kwamba umeruka, bila kuongeza sababu, na uendelee kesho yake.