Kusimama kwa Usalama Ukiwa na Pikipiki Katikati ya Foleni

Waendesha pikipiki wengi wa Dar es Salaam huona kusimama kwenye foleni ni kupumzika: gia hutolewa, mikono huachia usukani, simu hutoka mfukoni. Kumbe hapo ndipo mtu anapoweza kugongwa bila kujua kinachomjia, kwa kuwa hatari inatoka nyuma. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kila sekunde. Dereva akiinamia simu kwa sekunde mbili tu, ameshamaliza mita 28 kabla hajagusa breki.

Maandalizi huanza kabla ya kusimama. Ukiiona foleni mbele, punguza mwendo mapema huku ukigusa breki mara mbili tatu, ili taa ya nyuma iwake na kuzimika, kwani taa ya namna hiyo huvuta jicho upesi. Usilibane gari la mbele. Acha nafasi inayokuwezesha kuona matairi yake ya nyuma yanavyokanyaga lami. Simama usawa wa pembe ya gari hilo, si katikati yake, na tairi lako la mbele lielekee kwenye upenyo ambao umekwisha kuuchagua. Tena katikati ya njia ndipo oili ya magari hudondokea, na mguu huteleza kirahisi.

Ukishasimama, baki kwenye gia namba moja huku umeshika klachi, mguu wa kushoto ukiwa chini na wa kulia ukikanyaga breki ya nyuma ili taa iendelee kuwaka. Tazama kioo cha pembeni mpaka gari lililo nyuma yako lisimame kabisa, na ikiwezekana la nyuma ya hilo pia. Baada ya hapo unaweza kutoa gia na kupumzisha mkono. Ukiona gari linakuja bila dalili ya kupunguza mwendo, usipoteze muda kupiga honi: achia breki na klachi, uingie kwenye upenyo wako.

Mahali ninapopahofia zaidi ni pale trafiki anapoongoza magari kwa mkono. Magari yanapoitwa, madereva walio mbali nyuma huongeza mwendo ili wawahi kupita, na trafiki akikata msafara ghafla, wewe utamtii na kusimama ilhali aliye nyuma yako akili yake imekwisha kuvuka makutano. Basi ukikuta msafara umeitwa kwa muda mrefu, anza kupunguza mwendo hata kama bado unaruhusiwa kupita, na kioo kisikutoke machoni.

Malori yanahitaji tahadhari ya peke yake, hasa kwenye Barabara ya Mandela, ambako mizigo ya bandarini hupita kuelekea Ubungo. Dereva wa lori, akiwa ameketi juu upande wa kulia, hamwoni mtu aliye chini ya pua ya lori wala aliyejibana ubavu wa kushoto. Likikata kona kushoto, tela halifuati njia ya kichwa bali huvutika ndani na kumfagia aliye kati yake na ukingo wa barabara. Usijipenyeze hapo hata nafasi ikiwa pana kiasi gani. Subiri nyuma, mahali unapoweza kuviona vioo vya lori. Usipouona uso wa dereva kiooni, naye hakuoni.

Kukimbilia njia ya mwendokasi ili kuepa foleni si suluhisho, maana mabasi yale huja kwa kasi na hayatarajii kukuta pikipiki imesimama mbele yao.

Abiria mweleze kabla ya safari kwamba miguu ikae juu ya vikanyagio wakati wote na kwamba asishuke katikati ya foleni, hata kama amefika. Helmeti zenu zibaki zimefungwa mkanda kidevuni, joto liwe kali namna gani.

Taa ikiwaka kijani, tazama kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, kwa sababu wapo wanaovuka taa nyekundu. Njia ikiwa wazi, ndipo uachie klachi.